Kitanda, Taa na Maji ya Moto

Hotuba iliyotolewa katika harambee ya ujenzi wa bweni la wasichana, Dar es Salaam, 2024



Kamati iliponipigia simu iliniomba niseme maneno machache kuhusu maisha ya mwanafunzi China. Nikauliza, China na bweni letu vinahusiana wapi? Katibu akacheka, akaniambia, "Wewe zungumza tu, dada, watu wamechoka kusikia bei ya saruji." Mimi ni mhasibu, na nikisimama mbele za watu huwa nimeshika karatasi yenye tarakimu. Leo za kwangu ni chache, za bweni mhazini atazisoma mwenyewe. Lakini nilipokaa kufikiria ule mwaka nikaona kwamba katibu, bila kujua, alikuwa amenipa mada ya bweni hilihili.

Mwaka 2007 nilikuwa mwaka wa tatu wa shahada ya uhasibu, nikapata nafasi ya kwenda kusoma China mwaka mmoja kwa ufadhili wa serikali yao. Nafasi hizo si jambo geni kwetu. Wazee mnaokumbuka ujenzi wa TAZARA mnajua kwamba mwaka 1972 vijana wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli. Ya kwangu ilikuwa ndogo: lugha asubuhi, masomo machache ya uhasibu mchana, kisha nirudi kumalizia chuo nyumbani. Ada, malazi na posho vililipwa na wenyeji. Tiketi ya ndege ilikuwa juu yangu.

Hapo ndipo Kagongwa ilipoingia. Baba aliuza magunia ya mpunga, hayakutosha. Akachukua daftari la shule la mdogo wangu, akageuza ukurasa wa nyuma, akaanza kuzunguka. Alipita mashineni, alipita kwa wenye maduka ya barabarani, alipita kwa ndugu. Kila aliyetoa aliandikwa, awe ametoa shilingi elfu ishirini au mia tano. Wengine wa majina yale wamekaa humu ndani leo, na nawaona mnavyoinamisha vichwa. Mama naye alinifungia michembe kwenye mfuko wa rambo, kilo kama tatu hivi, akasema huko niendako nisije nikalala njaa nikiwa nimezungukwa na vyakula vya watu.

Nilifika Beijing mwanzoni mwa Septemba, nikapandishwa treni ya usiku kwenda Wuhan, safari ya saa kumi hivi. Wuhan ni mji mkubwa katikati ya China, umekatwa na mto Yangtze, na zamani ilikuwa miji mitatu, Wuchang, Hankou na Hanyang, ikaunganishwa kuwa mmoja. Kuna daraja pale la mwaka 1957, magari yanapita juu na treni chini yake. Nililipita mara nyingi mwaka ule na sikulizoea.

Nianze na chakula, maana najua ndicho mnachotaka kusikia. Mimi ni mtoto wa Kagongwa. Nimekua nikisikia mashine za kukoboa tangu asubuhi, nimeona malori ya Rwanda na Burundi yakisubiri mzigo, na nilidhani kama kuna jambo moja ambalo Mchina hawezi kunifundisha ni wali. Siku ya kwanza nikaenda kwenye bwalo la chuo, nikapewa wali kwenye sinia la chuma. Hauna chumvi, hauna mafuta, umeshikana kama ugali uliokosa nguvu. Nikahuzunika kabisa. Baada ya mwezi nikaelewa kwamba umepikwa hivyo ili vijiti viweze kuubeba, na kwamba ladha iko kwenye mboga. Asubuhi nilikula tambi za mji ule, wanazichanganya na rojo la ufuta, bakuli moja yuan mbili. Yuan moja wakati huo ilikuwa kama shilingi 160 na kitu. Watu wanazila wakitembea, wengine wakiwa juu ya baiskeli. Michembe ya mama niliificha kabatini, nikawa natafuna vipande viwili vitatu siku za Jumapili. Ilipoisha mwezi wa kumi na moja nililia, na sioni haya kusema.

Lugha haikunitesa kama nilivyotarajia. Kichina ni lugha ya sauti kupanda na kushuka: neno lilelile ukiliinua ni jambo hili, ukilishusha ni jambo jingine. Wenzangu kutoka Ulaya walihangaika. Mimi nikakumbuka kwamba Kisukuma nacho kina mambo hayo, ni vile tu hakuna aliyetufundisha kwa kuyachora ubaoni. Mwalimu aliniuliza nimejifunza wapi kusikiliza namna hiyo, nikamwambia kwa bibi. Kuandika ndiko kulikokuwa adhabu. Kila siku herufi mpya, kila moja unaiandika mara hamsini.

Mitaani nilitazamwa. Watoto walikimbia wakarudi na mama zao ili nao waone. Kina mama kwenye basi walinishika nywele bila kuuliza. Siku nyingine unacheka nao, siku nyingine unarudi chumbani umechoka kuwa maonyesho. Yapo pia maneno niliyoyaelewa baada ya kujua lugha, ambayo ningependelea nisingeyaelewa. Hayo nayaacha.

Ninachotaka kuwasimulia hasa ni hosteli.

Sisi wageni tulikaa wawili wawili kwenye chumba, tukiwa na kiyoyozi na bafu la ndani. Wanafunzi wa Kichina jengo la pili walikaa wanane kwenye chumba kimoja, vitanda vya ghorofa, hawana kiyoyozi, wanaoga kwenye bafu la pamoja. Yaani mgeni alipewa kuliko mwenye nyumba. Niliona aibu. Rafiki yangu mkubwa kule alikuwa binti wa jengo la pili, mtoto wa wakulima wa jimbo la Henan. Nilianza kwenda kwao kwa sababu ya aibu hiyo, nikabaki kwa sababu nilikuwa na furaha kule kuliko kwetu.

Sasa angalieni jinsi siku yao ilivyokwenda. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi wameamka. Wengine wanasimama nje chini ya miti na kitabu, wanasoma kwa sauti. Saa mbili darasani. Baada ya chakula cha mchana chuo kizima kinalala, hata mwalimu, na ukipiga kelele saa ile unaonekana huna adabu. Jioni kila mtu anashika chupa yake ya chai, zile kubwa, anakwenda kwenye jengo la kuchemshia maji. Mbele ya jengo hilo mngeona mamia ya chupa zimepangwa chini, nyekundu, kijani, buluu, nyingine zimefungwa utepe ili mwenyewe aitambue. Maji hayo ndiyo ya kunywa, ya kunawa uso, ya kuweka miguu wakati wa baridi. Kisha darasani tena kujisomea. Saa nne na nusu mnarudi, mnapiga soga, saa tano taa za vyumbani zinakatwa. Na mlangoni anakaa mama mmoja wa makamo, wanamwita shangazi. Yule mama alijua kila binti, anatoka chumba gani, ameingia saa ngapi, ana kikohozi au hana. Kijana wa kiume havuki pale. Baba mzazi akija anasubiri kwenye benchi.

Mwanzoni nilimwona yule mama kama askari. Kuna usiku niliugua homa jengo la pili, ni yeye aliyenikalisha kwenye kiti chake, akanipa maji ya moto na kunifunika koti lake, akagoma nisiende popote mpaka asubuhi. Wachina kwa maji ya moto, ugonjwa wowote ule, hata mguu ukiteguka utaambiwa kunywa maji ya moto.

Halafu ikaja Januari 2008. Kule kaskazini mwa China serikali ina mfumo wa kupasha majengo joto wakati wa baridi. Wuhan iko kusini mwa mstari wao, kwa hiyo haimo kwenye mfumo huo, na baridi ya ndani ni ileile ya nje. Mwaka ule ikaanguka theluji kubwa sana, katikati na kusini mwa nchi, kwa majuma kadhaa. Nyaya za umeme zikakatika kwa uzito wa barafu, treni zikasimama, na ilikuwa ni wiki zilezile ambazo wafanyakazi wote wa viwandani wanarudi kwao kwa mwaka mpya, ambao mwaka huo uliangukia tarehe 7 Februari. Kituo cha treni cha Guangzhou kilijaa watu wasiohesabika, wamesimama mvuani na mizigo.

Wazazi wa rafiki yangu walikuwa miongoni mwa watu wa namna hiyo. Walifanya kazi kiwandani Guangdong, wanaonana na mtoto wao mara moja kwa mwaka, na mwaka huo hawakupata treni. Yeye naye alibaki chuoni. Tulikaa wawili chumbani kwangu, kiyoyozi kinajitahidi, miguu kwenye beseni la maji ya moto, akanisimulia maisha yake. Alilelewa na bibi yake. Shule ya msingi ya kijijini kwao ilikuwa ndogo, akahamia ya mbali yenye bweni akiwa na miaka kumi. Akasema bweni lile lilikuwa baya, panya walikuwepo, chakula kilikuwa kabichi. "Lakini usiku nilikuwa nalala," akaniambia. "Wenzangu wa kijijini waliokuwa hawana bweni wameshaolewa."

Nilimjibu kwamba na mimi ni mtoto wa bweni. Mwaka 1998 nilichaguliwa kwenda sekondari ya bweni ya wasichana, mbali na nyumbani. Maharage ya wadudu, foleni ya maji alfajiri, matroni mkali. Nililalamika miaka minne yote. Usiku ule Wuhan ndiyo mara ya kwanza nilipojiuliza ningekuwa wapi kama nisingepewa kile kitanda. Ila nilijiuliza kwa raha, kama mtu anayejipongeza, nikiwa sijui kinachoendelea kwetu.

Tarehe 12 Mei, saa nane na dakika 28 mchana, tetemeko likapiga Sichuan. Mmesikia habari zake, walikufa makumi ya maelfu, na shule nyingi ziliangukia watoto. Wiki moja baadaye, saa ileile, nchi nzima ilisimama dakika tatu. Tulikuwa uwanjani mbele ya maktaba. Magari yote ya mji yalipiga honi pamoja, na watu walilia wakiwa wamesimama wima. Chuoni iliwekwa meza ya michango. Nilitoa yuan ishirini. Kesho yake nikakuta ukutani karatasi nyekundu ndefu, majina ya kila aliyetoa na kiasi alichotoa, mpaka wa yuan mbili, na jina langu la Kichina limo. Nikalikumbuka daftari la baba. Nilinunua kadi ya simu jioni hiyo ili nimsimulie.

Baba alipokea, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Mdogo wako ameacha shule."

Mdogo wangu ameniruhusu niyaseme haya. Amesema jina lake nisilitaje, maana ana biashara yake na hataki wateja wamwonee huruma. Alianza kidato cha kwanza mwaka 2006, wakati shule za kata zilipokuwa zinafunguliwa kila mahali. Lilikuwa jambo jema, na bila hizo asingekwenda sekondari kabisa. Lakini zilikuwa madarasa tu. Kutoka nyumbani kwetu mpaka shuleni ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na masika njia inajaa maji. Kwa hiyo akafanya kama wenzake wote wanaotoka vijijini: walipanga chumba Kagongwa, mabinti watatu, geto, godoro moja chini. Wanapika wenyewe kwa kuni. Kibatari kimoja, mafuta ya taa yakiisha wanalala. Hakuna shangazi mlangoni. Wiki ambayo unga umeisha na baba hajaja mnadani, kuna watu wa barabarani wenye chipsi na wenye pikipiki, nao wanajua kabisa nyumba gani ina wanafunzi.

Alikuwa kidato cha tatu. Alikuwa na akili kunizidi mimi, hesabu hasa, na kila mtu pale nyumbani alijua. Alipopata mimba aliondolewa shuleni, ndivyo ilivyokuwa. Ruhusa ya kurudi masomoni baada ya kujifungua ilikuja Novemba 2021, miaka 13 baadaye.

Mimi nilikuwa nimemnunulia taa. Nilibana posho, nikanunua taa ya mezani ya kuchaji, nyeupe, shingo yake inakunjwa, nikaibeba kwenye mkoba wa mkononi isije ikavunjika. Nilifika nyumbani mwishoni mwa Julai. Alikuja kunipokea barabarani, tumbo limeanza kuonekana. Nilimpa taa. Aliishika, akaiwasha mchana ule, akaizima, akasema, "Ingekuja mapema." Hakusema kwa kunilaumu. Alikuwa anaeleza tu tarehe, kama mtu anayesoma stakabadhi.

Tuliotoka tumbo moja tulipishana miaka tisa na kitanda kimoja. Nimekagua jambo hili kwa namna zote ninazozijua na sijaona tofauti nyingine. Mimi nilipata bweni la serikali, nikafika chuo, nikafika mpaka Wuhan nikaogeshwa miguu kwa maji ya moto na mama wa watu. Watu husema nilikwenda China kwa akili. Nilikwenda China kwa matroni niliyekuwa namchukia.

Sasa niwaambie kwa nini nimekubali kusimama leo. Binti aliyezaliwa mwaka ule wa 2008 yuko kidato cha tatu. Miezi miwili iliyopita mama yake alinipigia simu. Akasema binti amechoka kutembea, wenzake wanne wamepata chumba karibu na shule, anaomba naye aruhusiwe kupanga. Hatukusemezana kwa muda, salio likawa linakwenda tu.

Najua wapo mnaotaka kuniuliza, si umchukue uje naye Dar? Naweza. Nimeshamwambia dada, na huenda nikafanya hivyo. Lakini kile chumba kina mabinti wanne wengine, na mimi sina uwezo wa kuwachukua wote, wala sidhani kama wazazi wao watakubali kumpa mtu wa mjini watoto kila panapokosekana kitanda. Na nyie kila mmoja ana wa kwake kule. Tunachukua mmoja mmoja, tunajisikia tumefanya, na geto linabaki palepale likipokea wengine Januari.

Bweni tunalojenga ni la wasichana 80. Boma limefika kwenye lenta, mmeiona picha. Watu wengi humu mnapenda kuchangia bati na saruji kwa sababu vinaonekana, na mtu anaweza kuonyesha bati akasema lile langu. Ninawaomba msivisahau vitu vitatu visivyopigwa picha. Maji, kwa maana ya tangi na mahali pa kuyachemshia. Umeme ulio na mtu wa kulipa luku mwezi hadi mwezi. Na mshahara wa matroni. Nimepitia makadirio ya kamati, ni mazuri na safi, lakini matroni hayumo. Nimeuliza, nikaambiwa walimu watasaidiana. Walimu wetu wana madarasa na wana familia zao. Bweni la mabinti 80 lisilo na mtu mzima mlangoni usiku ni geto kubwa lenye bati jipya, na kwa hilo mimi sitatoa shilingi.

Nimezungumza na mwenyekiti, ameniruhusu nitoe hoja hapahapa: iwekwe akaunti ndogo ya pembeni ya matroni, watu waahidi kwa mwezi badala ya mara moja. Nitaisimamia hesabu zake bure. Na kila mwaka nitachapa majina yote, kuanzia aliyetoa kidogo kabisa, kwenye kijitabu chetu na kwenye ubao wa ofisi ya kata, kama daftari la baba. Mkiona jina lako limekosewa au kiasi si chenyewe, mnipigie mimi.

Mimi naahidi vitanda vinne vya ghorofa na magodoro yake, na mshahara wa matroni wa miezi mitatu ya kwanza. Mdogo wangu ametuma ahadi yake kutoka Kagongwa, gunia tano za mchele kila mwaka kwa jiko la bweni. Ameniambia pia niwafikishie kwamba ile taa bado inawaka. Betri alibadilisha mara mbili kwa fundi. Anaitumia dukani kuhesabia fedha usiku.

Fomu ziko meza ya kushoto, kwa mhazini.